Alamisho ya kudarizi: kitabu lazima kifunge

Alamisho ya kwanza niliyoidarizi kwa mashine niliipeleka Unguja mwenyewe, kwa boti ya asubuhi. Ilikuwa ya msahafu wa bibi yangu. Nilitumia felti mbili za kijani, katikati nikatia gamu nzito, ile ya kukazia kitambaa, na juu nikadarizi korosho, lile umbo la kwenye pindo la kanga, nikalijaza uzi mpaka likawa gumu kama sarafu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa, akaiweka pale alipokuwa amefikia kusoma, akafunga. Msahafu haukufunga. Ulibaki umeachama.

"Mjukuu wangu," akasema, "kazi nzuri. Lakini hii umenishonea kabari."

Bibi ameshona kofia za viua kwa mkono tangu usichana wake, kwa hiyo neno lake kuhusu uzi na kitambaa siliwezi kulipuuza. Tangu siku ile kila ninachochagua, kitambaa, gamu, uzi hata ukingo, nakipima kwa swali hilo hilo: kitabu kitafunga? Alamisho si nembo ya shati la shule. Inaishi kati ya karatasi mbili, imebanwa miezi na miezi, na karatasi haina subira na kitu kinene.

Tuanze na fremu, ile inayobana kazi chini ya sindano, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Mashine nyingi za kudarizi za nyumbani, hasa za bei ya kuanzia, zina fremu ya milimita 100 kwa 100. Alamisho tuliyoizoea ina urefu wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo haiingii. Utashauriwa ulaze mchoro mshazari. Nilikaa na rula nikapiga hesabu: katika mraba wa milimita 100, mstatili uliolazwa kwa pembe ya nyuzi 45 unaenea iwapo urefu na upana wake vikijumlishwa havizidi 141. Alamisho ya upana wa milimita 25 itafika basi urefu wa 116, wala si zaidi. Umepata sentimita moja na nusu, lakini fremu nzima imeliwa na alamisho moja. Mimi sioni faida. Ninashona fupi, milimita 95, mbili au tatu kwa mpigo, na urefu unaobaki naumalizia kwa kishada kinachoning'inia nje ya kitabu. Mwenye fremu ya milimita 130 kwa 180 amepona: alamisho tatu za upana wa milimita 38 na urefu wa 150 zinakaa ubavu kwa ubavu, na nafasi ya kupitisha mkasi inabaki.

Kitambaa. Felti inamvutia kila anayeanza kwa sababu haichanui nyuzi ukiikata, na kwa vitabu vya watoto vyenye kurasa ngumu inafaa. Kwa kitabu cha kawaida ni nene mno, hasa ikiwa mbili. Ninatumia pamba nyepesi: bafta, popolini, au kipande cha kanga iliyokwisha kuvaliwa. Kanga ya zamani ina ulaini usioupata dukani, na pindo lake tayari lina mapambo, hivyo wakati mwingine nadarizi mstari mmoja tu kulifuatisha ua lililopo.

Ila ifue. Narudia kwa uchungu: ifue. Nilimshonea mtoto wa kaka yangu alamisho ya kisutu kipya, ile aina ya kanga, ule wekundu wake ulionipendeza, nikaona uvivu kukiloweka kwanza. Akaiweka kwenye daftari la jiografia. Masika yakamkuta njiani akitoka shule, begi likalowa, na kisutu kikachuja. Kurasa sita za noti zilipata doa jekundu katikati, akalazimika kunakili upya usiku kucha. Siku hizi kitambaa chochote chenye nyekundu, nyeusi au buluu nzito nakiloweka na kukisuuza mpaka maji yatoke meupe, kisha nakipiga pasi ya moto kikiwa na kitambaa cheupe juu yake. Kile cheupe kikipata rangi, narudi kwenye beseni.

Upande wa gamu, zipo mbili na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni nyembamba, ya kupigia pasi, naigandisha nyuma ya pamba ili isiyumbe. Ya pili ni ile ya karatasi inayochanika, na hiyo ndiyo ninayoibana kwenye fremu, peke yake, mpaka ukiigonga kwa ukucha inalia kama ngozi ya ngoma. Kitambaa chenyewe hakibanwi. Kubana kipande chembamba cha kanga kwenye fremu kunakivuta upande, na ukikitoa kinarudi kwenye umbo lake na kuvuta makunyanzi kuzunguka ua.

Mwendo wangu ni huu. Mashine inashona kwanza mstari wa kuonyesha mahali, juu ya gamu tupu. Naweka kitambaa juu ya mstari huo, nakishika kwa gundi kidogo ya shule ya kijiti, mashine inapita tena kukifunga. Inadarizi mchoro. Ikimaliza naitoa fremu kwenye mkono wa mashine, bila kufungua skrubu yake hata kidogo, naigeuza, na kwa chini nabandika kitambaa cha nyuma kwa selotepu, nje ya eneo la sindano. Narudisha fremu, na mstari wa mwisho unashona vyote pamoja. Kwa njia hiyo uchafu wote wa nyuma, mafundo na nyuzi zinazoruka toka sehemu moja ya mchoro hadi nyingine, unafichwa ndani. Lakini uchafu uliofichwa bado una unene, kwa hiyo kabla ya kubandika kitambaa cha nyuma chukua mkasi mdogo ukate kila uzi unaoruka. Usiache hata mmoja kwa kuwa hautaonekana. Utaonekana kwenye karatasi.

Sasa mchoro wenyewe, na hapa ndipo unene mwingi unapozaliwa. Michoro mingi ya kununua imetengenezwa kwa ajili ya taulo, majaketi na kofia. Mistari ya kujaza hukaa karibu karibu, kwa kawaida nafasi ya milimita 0.4, chini yake kuna mishono ya msingi, na mara nyingi jani limeshonwa zima, kisha ua likashonwa juu ya jani, kisha kiini juu ya ua. Sehemu hiyo ina tabaka tatu za uzi. Kwenye jaketi hakuna anayejali. Kwenye kitabu ni kokoto. Nilipochoka kupigana na michoro ya watu nilijifunza kuchora yangu kwa Inkscape, programu ya kuchorea ya kompyuta, pamoja na programu ya Ink/Stitch inayofanya kazi ndani yake na kuugeuza mchoro kuwa mishono. Zote mbili ni za bure, na zinatoa faili la PES kwa mashine za Brother au JEF kwa wenye Janome. Kujifunza kuliniuma kichwa wiki kadhaa, na ningerudia. Ninatanua nafasi ya mistari hadi milimita 0.5, hata 0.6 kwenye maumbo mapana, naondoa kila kilicholala chini ya kingine, na sijazi mandhari kamwe. Kitambaa ndicho mandhari. Maua mengi siku hizi nayachora kwa mstari mtupu, kama mtu anayechora kwa kalamu, na nikiyatazama naona yamependeza kuliko yale yaliyojazwa.

Faida nyingine ni muda. Mashine yangu inakwenda mishono 400 kwa dakika. Ua la kujazwa lenye mishono 6,000 linakula robo saa kabla hujahesabu kubadilisha rangi. Ua hilo hilo kwa mstari halifiki dakika tano. Ukipata oda ya alamisho arobaini za mahafali utaikumbuka tofauti hiyo.

Maandishi yana sheria yake. Herufi iliyo chini ya milimita 5 kwa kimo hujifunga, matundu ya a na e yanazibwa na uzi, na msomaji anabaki kukisia. Mimi sishuki chini ya milimita 8. Kwa kimo hicho maneno kama "Elimu haina mwisho" yanakaa kwenye mstari mmoja wa alamisho ya sentimita 15, na kwenye ile fupi yanataka mistari miwili. Watu huniomba niwadarizie aya kwa ajili ya misahafu yao. Huwa nawaambia kwa heshima kwamba ninaogopa: alamisho huanguka sakafuni, hukanyagwa, huishia kwenye sanduku la michezo ya watoto. Nawashonea jina la mwenyewe, au korosho, na wengi wanaelewa.

Uzi wa juu ni ule wa kudarizi, poliesta namba 40, unaong'aa. Uzi wa kawaida wa kushonea nguo unaweza kupita mashineni lakini unatoa vumbi na unakatika ukiukimbiza. Sindano namba 11, na mpya. Ukianza kusikia inagonga kitambaa badala ya kukichoma, ibadilishe. Uzi wa chini tunaozoea kujaza kwenye bobini ni mweupe na mwembamba, na mchoro ukiwa umefichwa na kitambaa cha nyuma hakuna shida. Shida ni ule mstari wa mwisho wa ukingo, unaoonekana pande zote mbili. Hapo simamisha mashine, weka bobini yenye rangi sawa na uzi wa juu. Ni dakika moja. Bibi alinizoeza tangu utotoni kwamba kofia hutazamwa kwa ndani kwanza, na alamisho ya pili niliyompelekea aliifanyia hivyo hivyo: aliigeuza nyuma, akaufuata ukingo kwa ukucha wa kidole gumba toka mwanzo hadi mwisho, ndipo akaigeuza mbele kutazama ua.

Kuhusu ukingo wenyewe nina msimamo ambao baadhi ya mafundi wenzangu hawaupendi. Ukingo wa satini, ule uzi mnene unaozunguka pembeni, ni mzuri kwa macho, na wateja huusifia. Lakini unaacha mfereji kwenye ukurasa. Kwa kitabu chenye karatasi nyepesi, Biblia, msahafu, kamusi, ninashona mstari mwembamba wa kurudiarudia mara tatu, milimita 3 kutoka ukingoni, kisha nakata kwa mkasi wa meno ili pamba isichanue. Satini naiachia alamisho za zawadi zinazokwenda kwenye vitabu vikubwa vya picha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiguse fremu. Iache hapo hapo mashineni, gamu ikiwa imebanwa, hata ukilala. Mashine nyingi huonyesha kwenye kioo umefika mshono wa ngapi. Mimi hupiga picha kioo kila ninapobadilisha rangi. Ukirudi, unasogeza mbele hadi namba ile, unarudi nyuma mishono michache ili ishikane, unaendelea. Alamisho nilizozipoteza kwa umeme ni zile tu nilizozitoa kwa haraka nikidhani nitazirudisha palepale. Hazirudi palepale. Nusu milimita inatosha kuuvuruga mstari.

Wapo wanaopenda alamisho za lesi, zisizo na kitambaa, zinazoshonwa juu ya utando unaoyeyuka majini. Ni nyembamba na zinapendeza sana. Weka tabaka mbili za utando, tumia uzi ule ule juu na chini, na hakikisha mchoro umetengenezwa kwa ajili ya lesi, mistari yake ikishikana, la sivyo ukiutia majini utabaki na rundo la nyuzi mkononi. Wengi hushauri usuuze kidogo tu ili mabaki ya utando yaipe lesi ugumu. Kwa pambo la ukutani, sawa. Kwa kitabu, na kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu, sikushauri: mabaki yale hunata. Suuza kwa maji ya vuguvugu mpaka utelezi uishe, tandaza juu ya taulo, funika kwa taulo jingine, weka vitabu vizito juu mpaka ikauke imenyooka.

Kishada natengeneza kwa nyuzi zinazobaki kwenye vibunda, zile ambazo hazitoshi ua. Zungushia uzi kwenye kadi ya sentimita 8 mara thelathini hivi, funga juu, kata chini, zungushia shingo. Nakipitisha kwenye tundu dogo nililolishona kwa uzi kwenye ncha ya alamisho. Vijicho vya bati sivitumii. Hewa ya chumvi huvitia kutu, na kutu ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Fundo la kishada likae nje ya kitabu, kwa hiyo acha kamba ya sentimita mbili kati ya tundu na shingo yake.

Alamisho ikishakatwa naipiga pasi upande wa nyuma, naiweka katikati ya kitabu chenye karatasi nyembamba kuliko vyote nyumbani, kwangu ni kamusi ya zamani, na juu naweka sufuria yenye maji. Inalala hapo usiku mzima. Asubuhi natoa alamisho, nafungua ukurasa ule na unaofuata, naupeleka ubavu kwenye mwanga wa dirisha na kupitisha kidole. Kukiwa na alama ya ua, ile siitoi kwa mtu. Narudi kwenye Inkscape, natanua mistari kwa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, nashona nyingine.