Majeruhi watatu na mechi Jumapili

Ndugu wa Katuba, Lubumbashi, umeuliza timu za besiboli za Marekani zinavumilia vipi mechi 162 kwa msimu, wakati ekipe yako ya mpira hapo mtaani inayumba kwa majeruhi watatu tu.

Zina orodha. Kwa sehemu kubwa ya msimu, wachezaji 26 ndio wa kucheza, ndani ya orodha kubwa ya 40. Mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) akiumia anawekwa pembeni siku zisizopungua 15, wengine 10, na nafasi yake inachukuliwa na kijana kutoka ligi ndogo, yaani timu za chini za klabu hiyohiyo. Ninachokipenda: kocha hawezi kumrudisha mtu kesho yake eti mashabiki wanapiga kelele.

Wewe huna ligi ndogo, lakini Katuba haikosi vijana. Chukua wanne, wafanye mazoezi na wakubwa kuanzia leo, si asubuhi ya mechi. Beki mmoja ajifunze kucheza kiungo pia. Yule majeruhi wa goti mpumzishe hata akiapa amepona (wote huapa, wanaogopa kupoteza namba), na daktari amwone kabla hajagusa mpira. Kukandwa peke yake hakutoshi.