Camel kukataliwa na S3 ilhali funguo ni sahihi

Ndugu, umeeleza kuwa Apache Camel, programu ya kuunganisha mifumo, inapakia mafaili bila shida kwenye baketi yenu, yaani chombo cha kuwekea mafaili, katika Amazon S3, hifadhi ya mtandaoni ya Amazon, lakini inapojaribu kuyasoma hurudishiwa kosa la 403, yaani kunyimwa ruhusa, ingawa funguo za kuingilia ni zilezile. Kwa maelezo hayo naona tatizo limo katika sera ya ruhusa, kwa sababu Camel, kabla ya kusoma faili lolote, huomba kwanza orodha ya yaliyomo, na ruhusa ya kuorodhesha, yaani s3:ListBucket, hutolewa kwa anwani ya baketi yenyewe, ilhali s3:GetObject hutolewa kwa anwani ya mafaili, ile inayoishia na /*. Wengi huandika hii ya pili pekee. Ziandike zote mbili.

Nakusihi pia, kabla hujaiwasha njia hiyo ya Camel ya kusoma mafaili: Camel isipoelekezwa vinginevyo hulifuta faili kwenye baketi baada ya kulisoma, na kama hizo ndizo nakala pekee za ankara zenu, hasara yake ni nzito. Weka deleteAfterRead=false (usifute baada ya kusoma) katika mipangilio ya njia hiyo, ukijua kwamba mafaili yaleyale yatasomwa tena kila mzunguko, hivyo utahitaji kuhifadhi kumbukumbu ya yaliyokwisha kushughulikiwa.