Flaiti imesogezwa, nidai nini?

SWALI: Anti, likizo ya kisiwani imeisha, siku za mwisho nilikuwa nazamia baharini na mtungi wa hewa tu mpaka jana jioni, sasa nafika eapoti naambiwa flaiti mpaka kesho, hoteli najilipia mwenyewe, hivi naweza kudai?

JIBU: Pole mwaya. Tunza risiti zote, hata ya maji, maana safari nyingi za kimataifa zinabanwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika linalipa hasara ya kuchelewa, ila likithibitisha lilifanya kila liwezekanalo linachomoka (dhoruba ndo kisingizio kitamu). Omba sababu kwa maandishi hapohapo kaunta.

Halafu we mzamiaji, ukizamia mara kadhaa inashauriwa usubiri angalau masaa 18 ndo upande ndege, naitrojeni (gesi uliyovuta kwenye mtungi) bado imo mwilini, na huko angani inaweza kukudhuru.