Jibu: Bei na thamani, tofauti iko wapi?

Ndugu, umeuliza kama "shamba la thamani ya milioni 5" ni sawa na "shamba la bei ya milioni 5". Si sawa. Bei ni kile muuzaji anachotaja na mnunuzi anachopatana naye. Thamani hukadiriwa, hata kitu kisipouzwa. Shamba la thamani ya milioni 5 linaweza kuuzwa kwa bei ya milioni 3 kwa sababu mwenyewe ana shida ya haraka. Ndiyo maana "nipunguzie thamani" haisemwi sokoni, ila serikali inaweza kushusha thamani ya shilingi.

Panapochanganya ni kitenzi. "Kuthamini nyumba" ni kuikadiria kwa fedha, kazi ya mthamini; "kumthamini mke" ni kumjali na kumheshimu, wala hakuna anayepiga hesabu. Kwenye hati za mauzo andika "kukadiria thamani", utata unaisha.

Tahajia nayo huharibu maana: kudhamini ni kumwekea mtu dhamana, mathalani mahakamani. Na "duka la thamani" lenye makochi na kabati mlangoni? Hizo ni samani.