Maji ya visima kwenye mteremko

SWALI: Visima vyangu viwili viko mlimani, mita 200 kati yao kufuata mteremko. Vyote maji yako mita 12 kwenda chini. Kanuni ya Darcy, ya kukokotoa maji yanayopita ardhini (upenyezaji × unene × mwinamo wa uso wa maji), inanipa mtiririko sifuri. Kwa nini?

JIBU: Umeingiza kina cha maji badala ya mwinuko wa uso wake. Toa kina kwenye mwinuko wa mdomo wa kila kisima, vyote kutoka usawa mmoja. Mdomo wa chini ukiwa mita 14 chini ya ule wa juu, mwinamo ni 14/200, yaani 0.07. Kwa upenyezaji (wepesi wa ardhi kupitisha maji) wa mita 5 kwa siku na tabaka lenye maji la unene wa mita 8, zinapita mita za ujazo 2.8 kwa siku katika kila mita moja ya upana.

Mwanahisabati Mfaransa Boussinesq aliandika kanuni hiyo kwa tabaka lililoinama hivi, x ikipanda mlima: q = −K·h·(cosθ·dh/dx + sinθ); q ni mtiririko kwa kila mita ya upana, K upenyezaji, h unene wa tabaka lenye maji, na θ pembe ya mteremko. Unene h usipobadilika, sinθ peke yake inasukuma maji; ndiyo uliyoiacha.

Tafadhali pima mwinuko wa midomo kwa leveli, kifaa cha wapima ardhi cha kulinganisha miinuko. GPS ya simu hukosea mita kadhaa kwa wima, na hapo mwinamo wako wote unaharibika.