Mjomba alipe yaishe?

SWALI: Papa, jambo sana. Mjomba wangu ana depo ya saruji hapa Kamalondo. Ameletewa ujumbe kwenye simu: atume dola 3.000, asipotuma ataokota maiti. Wamemtaja hata mtoto wake wa mwisho kwa jina la nyumbani, lile ambalo shuleni hawalijui. Mjomba anasema mambo haya yameletwa na simu, zamani tajiri alilala mlango wazi. Anataka alipe yaishe. Unasemaje? – Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Jambo sana, mwanangu. Mpe mjomba pole. Ila hayo ya mlango wazi asiniambie mimi niliyepanga barua posta mpaka mvi zikanitoka. Uingereza, sheria ya mwaka 1723 ilisema anayetuma barua isiyo na jina kudai fedha anyongwe. Simu ilikuwa wapi?

Waliozoea kazi hiyo hasa ni wale wa New York mwanzoni mwa miaka ya 1900, walioitwa Mano Nera, yaani Mkono Mweusi. Barua inakuja na stempu yake kama barua ya shangazi. Ukifungua, unakuta mkono uliochorwa kwa wino mweusi, kisu, pengine na jeneza, halafu kiasi cha fedha na mahali pa kuziweka. Watu waliamini ni chama kimoja kikubwa chenye macho kila kona. Kumbe vilikuwa vikundi vidogo vidogo, Waitaliano wakiwatisha Waitaliano wenzao: mwenye duka la mikate, kinyozi, mwenye benki ya mtaani. Mwandishi alijua duka linafungwa saa ngapi kwa sababu alinunua mkate hapo hapo. Kwa hiyo hilo jina la nyumbani lisimtie mjomba hofu ya majini. Limetoka kwa mtu aliyekula kwake.

Wengi walilipa kimya kimya, maana hawakuwaamini polisi. Enrico Caruso, mwimbaji wa opera aliyekuwa na fedha kuliko wengi wao, alidaiwa dola 15.000 mwaka 1910. Yeye aliwaambia polisi. Wakaweka kifurushi cha uongo penye ngazi za kiwanda huko Brooklyn, wakajificha, na waliokuja kukichukua wakakamatwa.

Sasa hilo la kulipa. Mwezi wa tatu 1932, mtoto wa rubani Charles Lindbergh aliibwa kitandani, barua ikaachwa dirishani ikidai dola 50.000. Zililipwa tarehe 2 Aprili. Mwezi uliofuata mwili wa mtoto ukaonekana karibu na nyumba. Alikuwa amekufa siku nyingi. Fedha hazikumrudisha. Zilichofanya ni kumfichua mwizi, kwa kuwa namba za noti zilikuwa zimeandikwa: mwaka 1934 Bruno Hauptmann alinunua petroli kwa noti moja ya dola kumi, na muuzaji, akiitilia shaka, akaandika juu yake namba ya gari.

Mjomba asifute ujumbe hata kwa hasira. Aandike namba iliyoutuma, siku na saa, na asijibu chochote kwanza. Aende kwa polisi pamoja na mtu mzima wa familia, si peke yake usiku. Na watoto wapelekwe shule kwa njia nyingine kuanzia kesho asubuhi.