Jibu: Makaratasi ya marehemu mchoraji yameota ukungu

Habari ndugu, pole. Umesema sanduku la bati lenye barua, risiti za michoro na madaftari ya marehemu baba yako, hapo Kirumba, linanuka ukungu. Kwanza usianike juani, wino utapauka. Yatandaze kivulini penye upepo hadi yakauke kabisa, kisha vaa barakoa, toka nje, ufute kwa brashi laini. Toa pini zenye kutu. Selotepu iliyogandia iache, ukiibandua itaondoka na karatasi.

Tafadhali usipange upya! Risiti iliyobanwa pamoja na mchoro ndiyo inayotaja mnunuzi na mwaka. Weka namba kwa penseli, nyuma, pembeni. Kama kuna negativu (filamu za picha) zinazonuka siki zitenge, zinaambukiza nyingine.

Sanduku liinue sakafuni, lisiguse ukuta. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 ukungu unarudi. Na usiyapeleke steshenari kulaminetiwa, plastiki ile haitoki tena.